Jiko la Wasomaji: Bakuli la Matunda Wakati wa Kipupwe

Tangu kusi ianze kuvuma, barua nyingi zinazotufikia zinauliza jambo lilelile: embe zimekwisha, sasa bakuli la matunda lijazwe nini? Tumejibu zile zinazowagusa wengi, na baadhi tumezifupisha. Moja imetoka Uingereza, ambako baridi ni ya Desemba na matunda ni mengine kabisa.

SWALI: Saladi ya matunda niliyozoea kutengeneza ni ya embe, nanasi na tikiti maji. Mwezi huu embe ni za kutafuta kwa tochi, na ukizipata ni ghali na hazina utamu. Nyumbani tuko wanane. Niweke nini, na kwa kiasi gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Embe ziache mpaka Novemba. Bakuli la kipupwe hujengwa juu ya machungwa na machenza, mengine yote huja kuyasindikiza. Huu ndio msimu mkubwa wa machungwa ya Muheza, na chungwa likikatwa vizuri linakupa nyama ya tunda, maji ya kuchanganyia, na uchachu wa kuzuia matunda mengine yasigeuke rangi.

Kwa watu 8 nunua machungwa makubwa 4, machenza 4, papai la kilo 1 hivi, nusu ya nanasi la kilo 1 na nusu, ndizi mbivu 2, pasheni 3 na ndimu 1. Ukishamenya na kutoa mbegu utabaki na kilo 1.8 hadi 2, yaani gramu 230 hivi kwa mtu. Sukari haimo, wala haijasahaulika.

Sokoni usilihukumu chungwa kwa rangi ya ganda. Rangi ya kijani huondoka pale usiku unapokuwa na ubaridi wa kutosha, na katika maeneo yetu ya chini na ya pwani mara nyingi hauwi, kwa hiyo chungwa linaweza kuiva vizuri kabisa likabaki kijani. Shika mawili yenye ukubwa sawa, chukua lililo zito zaidi na lenye ganda laini. Lile jepesi lenye ganda nene la vipele lina maji machache.

Osha matunda yote kabla ya kukata, hata yale utakayoyamenya, kwa sababu kisu hupitisha uchafu wa ganda hadi ndani. Maji yanayotiririka na brashi vinatosha. Sabuni usitumie.

Anza na machungwa. Kata kichwa na kitako mpaka uone nyama, lisimamishe kwenye ubao, kisha shusha kisu kufuata mviringo wake ukiondoa ganda pamoja na ile sehemu nyeupe yote. Halafu lishike juu ya bakuli, kata kando ya utando mmoja na kando ya utando unaofuata, kipande kitadondoka kikiwa safi. Ukimaliza, kamua matando yaliyobaki mkononi. Kwa machungwa 4 utapata karibu nusu kikombe cha maji, na hayo ukichanganya na maji ya ndimu ndiyo yatakayobeba saladi nzima. Kazi hii inachosha kidogo, tunajua, na wengi huiruka wakakata chungwa vipande vya mraba pamoja na mbegu na utando. Shida huja saa chache baadaye: utando na mbegu vilivyokatwa huachia uchungu polepole, na saladi iliyokuwa tamu saa nne asubuhi inakuwa chungu saa nane mchana.

Machenza menya kwa mkono, toa nyuzi, kisha kata kwa mkasi ule ukingo wa ndani wa kila kipande na uzisukume mbegu zitoke. Nanasi toa moyo, kata vipande vya sentimita 1 na nusu, vidogo kuliko vya papai kwa sababu nyama yake ni ngumu zaidi. Papai kata sentimita 2 na uliweke mwishoni. Geuza kutoka chini kwa mwiko mpana mara tatu nne, basi. Ukikoroga kama uji, papai litapondeka. Acha dakika 20 hadi 30 matunda yanyonye maji ya chungwa. Ndizi na pasheni viingie wakati watu wameshakaa mezani.

SWALI: Nauza saladi ya matunda kwenye vikombe maofisini. Naandaa saa kumi na moja alfajiri, lakini ikifika saa sita mchana theluthi ya kikombe ni maji na wateja wanalalamika. Naweka tikiti, papai, nanasi, ndizi na kijiko cha sukari juu. Nakosea wapi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kosa la kwanza ni kile kijiko cha sukari. Sukari ikikaa juu ya tunda lililokatwa huvuta maji kutoka ndani yake. Baada ya saa saba tunda limenywea na maji yako chini ya kikombe. Iondoe leo, utaona tofauti kesho. Mteja anayetaka sukari mpe pembeni.

La pili ni tikiti. Ndilo tunda linalovuja kuliko yote uliyotaja. Huna haja ya kuliacha, ila likate vipande vikubwa, sentimita 2 na nusu, toa ile sehemu ya katikati yenye mbegu iliyo laini mno, kisha viweke kwenye chujio dakika 15 kabla ya kupakia. Kisu nacho kikague. Kisu butu huponda nyama ya tunda badala ya kuikata, na sehemu iliyopondwa ndiyo inayotiririka.

La tatu ni joto. Matunda yaliyokaa nje yakikatwa na kufunikwa papo hapo hutoa jasho ndani ya kikombe. Yaweke kwenye friji usiku kucha yakiwa mazima na yameshaoshwa (isipokuwa ndizi, maana baridi hulitia weusi ganda lake), ukate asubuhi, upakie yakiwa bado ya baridi. Panga nanasi na vipande vya chungwa chini, papai na tikiti juu. Ndizi tungekushauri uiache kabisa kwenye biashara ya aina hii. Hakuna njia ya kuifanya ikae saa saba ikiwa ya kupendeza.

Kuna jambo hukuuliza, nalo ni zito kuliko maji. Papai na tikiti hayana uchachu wa kutosha kuzuia vijidudu, kwa hiyo yakishakatwa hayapaswi kukaa nje ya ubaridi zaidi ya saa 2, na jua la Dar likipita nyuzi 32 ni saa 1 tu. Kuanzia alfajiri hadi mchana vikombe vyako lazima viwe ndani ya kasha lenye barafu, na vipande vya barafu viwe juu na chini, kwa sababu ubaridi hushuka. Lengo ni nyuzi 4 au chini yake. Ubao wa kukatia matunda usikatie nyama wala samaki, hata kama umeoshwa.

Kuhusu faida, wengi hupiga hesabu kwa bei ya tunda zima, wakashangaa hela imekwenda wapi. Kilo 1 ya nanasi lenye ganda hutoa gramu 500 hivi za kula, papai 600 hadi 650, tikiti karibu 600, na machungwa yaliyotolewa utando 450 hadi 500. Tuseme umenunua papai kwa shilingi 1,500 kwa kilo. Ukigawa kwa 0.6, kilo ya papai la kula imekugharimu shilingi 2,500, na gramu 100 zilizoingia kwenye kikombe ni shilingi 250. Fanya hivyo kwa kila tunda, ongeza kikombe, uma, barafu na nauli, ndipo upange bei. Kipupwe kinakusaidia hapa: chungwa ni rahisi sasa, na likichukua theluthi moja ya kikombe halivuji kama tikiti.

SWALI: Nilichanganya papai na nanasi na mtindi usiku, nikaweka kwenye friji ili watoto wale asubuhi. Asubuhi mtindi ulikuwa chungu na umekuwa majimaji. Mtindi ulikuwa mpya. Je, uliharibika?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Haukuharibika, ulimeng'enywa. Papai lina kimeng'enya kiitwacho papaini, nanasi lina bromelaini, na kazi ya vyote viwili ni kukata protini. Ndiyo sababu nyama ngumu ya mishikaki hupakwa papai bichi ikalainika. Mtindi una protini, kwa hiyo ukikaa usiku kucha na matunda hayo unakatwakatwa vivyo hivyo: uzito wake unavunjika, na vipande vya protini vinavyobaki vina ladha chungu. Kuwekwa kwenye friji kunapunguza kasi tu.

Weka mtindi na matunda katika vyombo viwili, uvikutanishe mezani. Dakika 10 au 15 hazina madhara. Ukitaka lazima kuandaa usiku, chemsha vipande vya nanasi kwa dakika 5 na uvipoze, kwa sababu moto huua kimeng'enya. Nanasi la kopo limeshapikwa kiwandani, kwa hiyo halina shida hiyo, ila kufungua kopo wakati nanasi bichi liko gengeni ni uvivu tusioweza kuuunga mkono. Machungwa, machenza, ndizi na stroberi hukaa na mtindi bila kuugeuza uchungu.

Kwa sababu hiyohiyo, wale wanaotengeneza matunda ndani ya jelatini wasitumie papai, nanasi wala kiwi vibichi. Jelatini ni protini, haitaganda hata ikikaa friji siku mbili.

SWALI: Huku kwetu baridi imeshika kweli na parachichi nililonunua Jumatatu bado ni jiwe siku ya saba. Nifanyeje? Na likishaiva, nizuieje lisiwe jeusi kwenye saladi?
Msomaji, Njombe

JIBU: Parachichi haliivi likiwa mtini, huanza kuiva baada ya kuchumwa, na huhitaji joto la nyuzi 18 hadi 24 ili kuiva vizuri. Chumba chenye nyuzi 12 usiku hulichelewesha. Lifunge kwenye mfuko wa karatasi au gazeti pamoja na ndizi mbivu, uliweke karibu na jiko pale penye uvuguvugu lakini si penye moto. Ndizi hutoa gesi ya kuivisha, na siku 2 hadi 4 zitatosha. Mfuko wa plastiki usitumie, hutunza unyevu na ukungu huota kwenye kikonyo. Likianza kunyauka na kukunjamana huku ndani likiwa kama mpira, lilichumwa kabla ya kukomaa. Hilo haliokoleki, mrudishie muuzaji.

Weusi unatokana na hewa kukutana na sehemu iliyokatwa. Maji ya ndimu huuchelewesha kwa sababu ya uchachu wake na vitamini C iliyomo: kijiko 1 cha chakula kwa parachichi moja kubwa au ndizi mbili, ugeuze mpaka kila upande ulowe. Utapata saa moja mbili, si zaidi. Kwa tufaha njia nzuri zaidi ni kuloweka vipande dakika 5 hadi 10 kwenye lita 1 ya maji yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha kuvisuuza.

Na parachichi kwenye saladi ya machungwa ni wazo zuri sana. Mafuta yake hutuliza uchachu. Weka kipande cha chumvi cha kubana kwa vidole viwili, basi umemaliza.

SWALI: Sukari tumeacha kwa ushauri wa daktari wa meno, lakini machenza ya mwaka huu ni makali na watoto hawamalizi. Kuna njia?
Msomaji, Tanga

JIBU: Anza na chumvi kidogo, robo kijiko cha chai kwa bakuli la watu 8. Chumvi hupunguza uchungu, na utamu uliokuwepo unajitokeza. Kisha ongeza ndizi iliyoiva hadi kupata madoadoa na papai lililoiva vizuri, huo ni utamu wa tunda lenyewe. Jambo jingine, usitoe saladi moja kwa moja kutoka kwenye friji. Ulimi uliopozwa hausikii utamu sawasawa. Iache mezani dakika 20.

Kwa wageni, na kwa wasiokatazwa, tunapenda maji ya iliki: gramu 100 za sukari, mililita 150 za maji, iliki 4 zilizopondwa na kipande cha tangawizi cha sentimita 2, uchemshe taratibu dakika 5, uchuje na upoze kabisa. Vijiko 3 vya chakula vinatosha bakuli zima. Ndimu itie baada ya kupoa. Ukiichemsha, ile harufu yake nzuri huondoka na mvuke.

SWALI: Mama mkwe wangu anatumia dawa za presha na za lehemu (kolesteroli). Tumeanza kumkatia balungi kwenye saladi kila asubuhi kwa kuwa tumeambiwa ni zuri kwa moyo. Kuna ubaya?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Simamisheni balungi leo mpaka mtakapozungumza na daktari au mfamasia wake. Dawa msimwachishe. Balungi huzuia kimeng'enya kilichomo kwenye utumbo ambacho huvunja sehemu ya baadhi ya dawa kabla hazijaingia kwenye damu. Kikizuiwa, dawa huingia nyingi kuliko alivyokusudia aliyeiandika. Miongoni mwa dawa zinazohusika ni nifedipini na felodipini za presha, na simvastatini na atorvastatini za lehemu. Si zote za kundi hilo, ndiyo maana lazima mwende na pakiti yenyewe mkononi. Kula balungi asubuhi na kumeza dawa usiku hakusaidii, kwa sababu athari hiyo huweza kudumu zaidi ya siku moja. Danzi, lile chungwa chungu, nalo liepukwe. Machungwa ya kawaida na machenza hayana tatizo hili, mkatieni hayo.

SWALI: Watoto wakila matunda wakati wa baridi wanapata mafua, au ni maneno ya bibi tu?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Mafua huletwa na virusi, tunda haliyaleti. Ila koo linalouma halifurahii kitu cha baridi sana wala kichachu sana, kwa hiyo bibi ana hoja yake: mpe papai na ndizi visivyo vya friji, machungwa yasubiri siku mbili. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa, hata ile ya kulambishwa kwa kikohozi, kwani inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo utumbo wake hauwezi kuzizuia. Zabibu kwa walio chini ya miaka 5 zikatwe kwa urefu mara nne, maana zikiwa nzima zinaweza kuziba njia ya hewa.

SWALI: Matunda damu na stroberi zimejaa soko letu. Nikiziweka kwenye saladi, matunda damu yanakuwa machungu na kila kitu kinageuka chekundu.
Msomaji, Nyeri

JIBU: Uchungu uko kwenye ganda. Lichane msalaba kwenye ncha, litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika 1, kisha kwenye maji baridi. Ganda litavuka lenyewe. Kata mviringo wa nusu sentimita, nyunyiza kijiko 1 cha chai cha sukari kwa kila tunda na uache nusu saa. Hapa sukari tunaikubali bila kinyongo, maana tunda hili bila sukari ni kali mno. Liweke juu ya bakuli dakika ya mwisho bila kuchanganya, rangi haitasambaa. Stroberi zioshe zikiwa na vikonyo vyake. Ukivitoa kwanza, maji huingia ndani na ladha inapungua.

SWALI: Tunaishi Birmingham. Desemba tunataka kupeleka saladi ya matunda kwenye sherehe ya Krismasi, lakini papai la huku halina ladha na bei yake ni ya kutisha. Tutumie nini?
Wasomaji, Uingereza

JIBU: Papai liacheni. Mara nyingi limechumwa mapema ili livumilie safari. Huko Desemba ni mwezi wa klementaini na satsuma za Hispania, nazo ni ndugu za machenza, nyingi hazina mbegu. Kwa watu 6: klementaini 6, peasi 2, persimoni 2, kiwi 3, komamanga 1, maji ya machungwa 2 na ya nusu limau.

Persimoni huenda ni geni kwenu. Linafanana na nyanya ya rangi ya chungwa, na aina ni mbili. Lile bapa huliwa likiwa bado gumu kama tufaha. Lile refu lenye ncha lina ukakasi kama wa bibo mpaka lilainike kabisa, na kipande kimoja kibichi kinatosha kuharibu bakuli. Kwa saladi nunueni bapa, au yale ya Hispania yaliyoshatolewa ukakasi, ambayo huuzwa yakiwa magumu.

Komamanga likateni taji, chaneni ganda kwa juujuu kufuata mistari yake, kisha lipasueni ndani ya bakuli la maji. Mbegu huzama na utando mweupe huelea, na ukuta wa jikoni unabaki safi. Peasi likatwe mwisho na kutiwa limau mara moja. Kiwi ina kimeng'enya kinachofanana na kile cha papai, kwa hiyo kama mnataka mtindi, someni tulivyomjibu msomaji wa Mombasa.

Kuanzia Januari yapo pia machungwa mekundu ya Sicily, mazuri mno kwenye saladi hii. Msichanganye na machungwa ya Seville yanayofika mwezi huohuo. Hayo ni madanzi, ni ya kupikia jamu, na mbichi hayaliki.

SWALI: Saladi ikibaki nifanyeje?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Iliyokaa friji tangu ilipokatwa huliwa mpaka kesho yake, ikitolewa ndizi. Ukiona imelainika mno, ichuje, tandaza vipande kwenye trei bila kugusana, gandisha, kisha visage na maji yake ya chungwa upate kinywaji kizito. Iliyoshinda mezani tangu mchana usiigandishe, maana kuganda hakuui vijidudu. Hiyo mwaga kwenye mboji.